Mkaguzi na Sabuni Kavu

Mtu huyu nilimchukia kwa bidii ambayo sijawahi kuiweka katika kazi yoyote. Wanaonijua watakubali kwamba hilo si jambo dogo, kwa maana mimi ni mtu wa kukaa. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikaketi, na hadi leo sijaona sababu ya kutosha ya kuinuka. Majani chai yetu huchumwa na wengine, mke wangu hufundisha shule ya msingi ng'ambo ya mto, nami hulinda nyumba. Ninailinda vizuri. Kochi limeshachukua umbo langu, mgeni akilikalia hulalamika mgongo.

Kwa hiyo mtu akifaulu kunichokoza mpaka nikamchukia mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka na bila likizo, lazima awe na kipaji.

Tulimwita Mkaguzi. Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye daftari la washiriki kanisani, lakini sikumsikia yeyote akilitumia, hata marehemu mumewe. Alikuwa afisa wa afya wa serikali, yule anayeingia buchari na kuipekua nyama kwa ncha ya kalamu, anayeingia hotelini akapita meza zote na kuelekea jikoni. Kutoka Nyamarambe hadi huku kwetu upande wa Itumbe kulikuwa na watu waliosugua sufuria kwa kusikia tu kwamba ameonekana akishuka kwenye gari. Alipostaafu alirudisha gari, akarudisha mihuri, akarudisha kabati la faili. Kazi yenyewe hakuirudisha.

Alikuwa mfupi, na alivaa koti la mvua la kijivu hata jua likiwaka, kwa hoja kwamba kwetu mvua ya saa tisa haiombi ruhusa. Pua yake ilikuwa ya kawaida, tena ndogo, lakini aliitumia kama wengine wanavyotumia tochi. Kwenye mazishi ya jirani yetu mmoja, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, aliinuka, akaenda hadi kwenye pipa la maji ya wageni, akafunua, akanusa, akalipindua. Pipa zima likashuka na mteremko hadi miguuni mwa kwaya.

"Endelea, mchungaji," akasema. "Nilikuwa nazuia mazishi mengine."

Baadaye watu walikuja kucheka. Siku ile tulikaa na kiu hadi saa kumi. Ndivyo alivyokuwa: hakukosea, na kila aliposema kweli kuna mtu aliondoka na koo kavu.

Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini, kimepigwa pasi. Sisi ambao tukisema pilipili inatoka biribiri tulijikaza sana mbele yake. Kiswahili alikitumia kutoa hukumu, Ekegusii akakiweka akiba kwa matusi. Mimi aliniita *ekerogo*, yaani kiti. "Huyo kiti yuko nyumbani?" alikuwa akimuuliza mke wangu njiani, na mke wangu, ambaye ningetegemea anitetee, alijibu, "Yuko, madam. Angekuwa wapi?"

Nisije nikaonekana ninampaka tope tu, nitasema na mazuri yake, ingawa hayatachukua muda. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Sabato kwa namna ambayo ilinyamazisha hata watoto. Wimbo ukimgusa alilia bila aibu, machozi yakishuka hadi kwenye kola. Halafu wimbo ukiisha, alijifuta kwa upindo wa leso na kumnong'oneza mama aliyekaa kando yake kwamba sikio la mtoto wake linanuka na apelekwe hospitali kabla ya sadaka.

Na choo chake mwenyewe kilikuwa kimeinama. Hili nataka liandikwe. Mwanamke aliyefunga vyoo vya shule tatu alikuwa na choo kilichoegemea mgomba, mlango wake ni gunia. Nilipopata ujasiri wa kumtajia, alinitazama kama mtu anayetazama inzi akihubiri. "Choo changu ninaingia mimi," akasema. "Nikianguka humo, nimejiangusha." Alikataza watu sukari, naye chai yake aliweka vijiko vinne, akikoroga taratibu huku akikuangalia usoni. Alihimiza watu wasameheane, na dada yake wa tumbo moja hakuongea naye kwa sababu ya jambo lililohusu kuku.

Sasa nieleze ni kwa nini mimi, mtu wa amani na mito ya kochi, niliingia katika njia yake.

Baba yangu, baada ya mama kufariki, alianguka karibu na choo, na mguu wake haukurudi kuwa mguu. Juu ya Nyakoe kulikuwa na makao ya wazee, yaliyokuwa nyumba ya kulala wageni kabla hajaja mzee mmoja wa kanisa letu kuyapaka rangi ya maziwa na kuweka kibao. Vyumba bado vilikuwa na namba. Kwetu kumpeleka mzazi mahali kama hapo ni kumtupa, na watu hawakukosa kuniuliza kama nimemtupa karibu au mbali. Nilijibu kwamba nimempeleka kwa ajili ya usalama wake. Hiyo ilikuwa robo ya ukweli. Robo tatu ni kwamba alipenda redio ya matangazo ya mazishi na mimi nilipenda ya mpira, na sebule ilikuwa moja.

Wazee kutoka kanisa letu waliokuwa wakiishi kule walifika wanne. Ndipo mchungaji akaona heri kanisa lipeleke kamati ndogo ikaone kama wanatunzwa vizuri na kama mahali penyewe ni salama. Mkaguzi akawa mwenyekiti, na hapo hapakuwa na kura. Mimi nikawa karani, kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu siku ile nilikuwa nimekaa karibu na mlango.

Nilienda nikiwa na msimamo. Nilitaka makao yale yapite. Yakipita, nimempeleka baba mahali pazuri, na mimi ni mwana mwema. Yakianguka, mimi ni nani? Nililala kwa amani juu ya swali hilo kwa zaidi ya mwaka, na sikuona haja ya mwanamke mwenye koti la mvua kuja kulivuta kama blanketi.

Siku iliyotangazwa tulipofika, sakafu iling'aa, mashuka yalikuwa meupe, wazee wamepangwa barazani kama picha ya shule. Mwenye makao, yule mzee wa kanisa, alisimama mlangoni na tabasamu na trei ya soda. Mkaguzi alisimama getini, akaangalia, akageuka.

"Dada, karibu ndani," mwenye makao akasema.

"Leo ni siku ya wageni," akajibu. "Mimi si mgeni."

Tukarudi. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi. Nilikuwa nimeona soda.

Siku mbili baadaye, mvua ikinyesha, alipiga mlango wangu kwa fimbo ya mwavuli. "Amka, kiti. Leo ndiyo siku yenyewe."

Kama mtu anataka kujua jinsi ya kukagua makao ya wazee, nitamwambia nilichokiona, ingawa nilikiona shingo upande. Hakuuliza swali lolote kwa wakubwa. Alienda kwanza kwenye sufuria ya uji wa wazee, akajimiminia kikombe, akanywa wote, akasubiri kama tumbo litasema neno. Akaenda kwenye kitanda kimoja, akavua gambuti, akalala chali juu ya godoro na kuniambia nimuache. Dakika tano nzima. Alipoinuka aliniambia niandike: mbao zinaonekana mgongoni. Kando ya kila kitanda kulikuwa na kengele nyekundu. Akabonyeza moja, akaniambia nihesabu. Nilifika mia tatu, nikachoka kuhesabu, ndipo akatokea msichana mmoja na ufagio.

"Mbona huji kengele ikilia?" Mkaguzi akamuuliza.

"Haijalia, madam. Haijaunganishwa na stima."

"Basi ni ya nini?"

Msichana akafikiri. "Ni ya ukuta."

Kisha akaingia chumba namba nne, akafunga mlango kutoka ndani, na akashindwa kutoka. Kitasa cha ndani hakikuwepo, na nje mlango ulifunguliwa kwa ufunguo tu. Tulimsikia akizungusha shimo tupu.

"Leta ufunguo," akasema kupitia mlango, sauti yake imetulia kabisa.

"Uko kwa mama wa jikoni," msichana akajibu.

"Na mama wa jikoni yuko wapi?"

"Amekwenda sokoni."

"Na moto ukija leo asubuhi?"

Msichana aliniangalia mimi. Mimi niliangalia daftari. "Atarudi saa sita," msichana akasema.

Mkaguzi alikaa mle ndani na bibi mmoja kipofu hadi saa sita na robo. Tuliwasikia wakiimba. Ningeweza kwenda sokoni kumtafuta mama wa jikoni, mvua ilikuwa imepungua. Nilibaki barazani, nimeketi, na nakiri kwamba zile saa mbili zilikuwa tamu kuliko zote nilizokaa katika kamati ile.

Chumba cha baba kilikuwa namba saba. Alikuwa ameketi kitandani, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Aliponiona alifurahi, halafu akamwona aliye nyuma yangu. Mkaguzi alimsalimu kwa heshima zote, akauliza habari za mguu, kisha akaomba daftari la kuoga. Likaletwa. Kila siku, kila mzee, alama ya vema kwa kalamu ya bluu. Moyo wangu ukatulia, nikaanza kunakili. Yeye akaingia bafuni na kutoka na kipande cha sabuni.

"Soma," akaniambia.

"Nisome nini?"

"Sabuni."

Nikasoma jina lake. Herufi zote zilikuwepo, zimesimama kama siku ilipotoka kiwandani, na ndani ya mifereji ya herufi kulikuwa na vumbi.

"Amepewa lini hii?"

Msichana akasema ni tangu mwanzo wa mwezi. Tulikuwa tarehe ishirini na tatu.

"Na daftari linasema ameoga mara ngapi?"

"Kila siku," nikasema mimi, kwa sauti ya mtu anayekula ushahidi wake mwenyewe.

"Sabuni ya ajabu," akasema. "Karatasi nayo haina harufu. Ndiyo maana watu wanaipenda."

Kisha akauliza swali ambalo, kwa miaka yake yote ya kupindua mapipa, nadhani lilikuwa kubwa kuliko mengine. Alimgeukia mhudumu wa zamu, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye aproni safi, akamuuliza, "Nani anamwogesha huyu mzee?"

"Mimi, madam."

"Umeolewa wapi?"

Mwanamke akataja mlima wetu. Akataja mwana wa nani. Alikuwa mke wa mtoto wa binamu ya baba yangu, na kwetu mtoto wa binamu ni mwana.

"Kwa hiyo huyu ni nani wako?"

Hapo mwanamke akainamisha kichwa. "Ni baba mkwe."

Kalamu yangu ikasimama. Wasio wa kwetu labda wangeendelea na soga. Kwetu mke wa mwana hakaribii kitanda cha baba mkwe, wala mwana haoni mwili wa baba yake. Ni heshima, tunaiita *chinsoni*, na haina tundu la kupenyea. Mjukuu anaweza, mjukuu na babu ni marafiki. Mgeni kabisa anaweza. Mwana na mke wa mwana, hapana, hata mzee awe hajiwezi. Hasa akiwa hajiwezi.

"Na unamwogesha?" Mkaguzi akauliza, polepole sasa.

"Ninamwekea maji, madam. Ninafunga mlango. Akimaliza ananiita, ninaweka alama."

"Mzee," Mkaguzi akamgeukia baba, "mlango ukifungwa, unafanya nini?"

Baba aliangalia ukuta. Niliiona shingo yake, ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. "Ninamwaga," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye shimo. Kidogo kidogo. Isikike kama mtu anaoga."

Hakuweza kuinama, sakafu ilikuwa ya utelezi, hapakuwa na chuma cha kushika, na hata angeanguka asingeita, kwa sababu ambaye angekuja ni mke wa mwanawe. Wanaume wote wa makao yale walikuwa hivyo. Wahudumu wote walikuwa wameolewa kwenye milima yetu. Wazee walikuwa wanamwaga maji asubuhi na wahudumu wanaweka vema, na kila upande ulikuwa unamstahi mwenzake mpaka kuoza.

Mwenye makao alifika akihema, mtu alikuwa amempigia simu. "Dada, ungeniambia unakuja."

"Hawa wahudumu uliwatoa wapi?"

Alijinyoosha. Lilikuwa swali alilolipenda. "Hilo ndilo jambo letu la kujivunia. Wengine huajiri watu wa mbali wasiojua mila. Hapa wazee wanatunzwa na wake wa wana wao. Kama nyumbani."

"Ndiyo shida."

"Shida? Mtu wa mbali angewapiga hawa wazee."

"Mtu wa mbali angewaogesha," akasema Mkaguzi.

Ripoti tuliiandikia kwake, mezani, yeye akitamka na mimi nikiandika. Nilijaribu kusaidia. Aliposema "Wazee wanaume hawaogi," mimi niliandika, "Kuna nafasi ya kuboresha usafi wa mwili." Alipoyasoma alininyang'anya karatasi.

"Hii nafasi iko wapi? Uliipima kwa futi?"

"Madam, ni lugha ya ripoti."

"Ni lugha ya kochi. Andika: wazee wanaume hawaogi. Andika: moto ukiwaka watafia ndani."

Nikaandika. Kisha nikamwomba kitu kimoja, na sikuomba kwa mzaha. Nilimwomba asitaje namba saba. Asimtaje baba. Aseme tu "mzee mmoja". Alikoroga chai yake yenye vijiko vinne, hakusema ndiyo wala hapana, na mimi, mjinga, nikachukua ukimya kuwa wema.

Sabato iliyofuata aliisoma mbele ya kanisa zima. Mwenye makao alikuwa kiti cha mbele, chini ya mabati aliyoyatoa mwenyewe. Mkaguzi alisoma kuhusu godoro, kengele ya ukuta, na mlango namba nne. Halafu akafika. "Chumba namba saba, baba wa karani wetu," akasema. "Daftari linasema anaoga kila siku. Karatasi haina harufu. Mzee anayo."

Niliwaona watu wakijizuia kugeuka, na wote wakageuka.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipozaliwa, na sitaki mtu aje aniambie kwamba alisema kweli. Najua alisema kweli. Mtu anaweza kusema kweli na bado ukatamani mvua ya mawe imkute shambani bila koti. Jumatatu nilimtoa baba kule. Nilimtoa kwa hasira. Upendo ulikuwa nyuma nyuma huko, umebeba mizigo. Nilitaka watu waone kwamba mimi si yule karani. Nilimrudishia redio yake ya mazishi, nikampa chumba cha nyuma, na nikaanza maisha mapya ya kumkwepa Mkaguzi. Nikimwona barabarani niliingia katikati ya majani chai, mimi ambaye sijawahi kuyaingia kwa kuyachuma. Nilipoambiwa kwamba benchi la kanisa limemwangusha nilisikitika kwa sauti, halafu nikajichemshia yai.

Ilipita karibu miaka miwili. Alikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Mke wangu alikuwa kazini, binti zetu wako shule ya bweni, mimi niko mahali pangu. Nilisikia fimbo ikigonga saruji, si mwavuli sasa, fimbo ya kutembelea. Mgongo wake ulikuwa umejikunja mbele na alilazimika kuinua uso ili anione.

"Mzee hajaonekana kanisani Sabato tatu," akasema.

"Amepumzika."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anaoga?"

"Kila siku, madam," nikasema, nikasikia jinsi nilivyosema. "Namwekea maji ya moto mwenyewe. Ninafunga mlango. Ninasikia kabisa maji yakimwagika."

 Angenitukana ingekuwa afadhali. Mimi ndiye niliyesimama chumba namba saba. Mimi ndiye niliyeandika kwa mwandiko wangu mzuri habari ya maji yanayomwagwa kidogo kidogo. Na kila asubuhi nilikaa upande wa pili wa mlango, nikayasikia, nikasema moyoni, anaoga.

Alipita mbele yangu hadi chumba cha nyuma, akabisha, akaingia, akafunga. Nilimsikia akiongea chini kwa Ekegusii, mara hii bila matusi. Alipotoka alikaa kwenye kochi langu bila kuulizwa.

"Ana kidonda cha kulalia nyongani. Ukubwa wa kiganja kizima. Kimeanza kuingia ndani."

"Hakuniambia."

"Angekwambiaje? Angekuonyesha?"

Hapo nikakasirika, kwa sababu hasira ilikuwa karibu kuliko aibu. Nikamwambia yeye ndiye aliyenifanya nimtoe kule. Yeye na ripoti yake, mbele ya watu wote.

"Nilisema nyumba ile ni mbaya," akajibu. "Sikusema yako ni nzuri."

Kisha akaongeza, akiangalia fimbo yake, kwamba kule juu ya Nyakoe sasa vitasa vimewekwa na wameajiri mwanamume kutoka Busia. Hajui ukoo wa mtu. Anaogesha wote na kuwachekesha.

"Unaniambia nimrudishe?"

"Sikwambii kitu. Ninakagua."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Sauti ya baba ikatoka humo, kavu, haikuwa na haraka. "Sirudi huko. Nimesikia mnavyonigawa. Nitafia hapa hapa."

"Utafia hapa hapa upesi," Mkaguzi akamwambia. "Hicho kidonda lazima kisafishwe leo, na wewe mwenyewe uogeshwe mwili wote. Wewe hujifikii. Mimi mgongo umekwisha, nikiinama siinuki."

"Mwana hawezi."

"Najua hawezi. Na mimi unaniruhusu kuona, huoni haya?"

"Wewe ni serikali," baba akasema. "Serikali haina chinsoni."

"Nilistaafu, mzee."

"Serikali haistaafu."

 Nilianza kufikiria ni jirani gani asiye wa ukoo wetu angemwogesha, nikawahesabu, wote nimewahi kuwakopa kitu au kuwasengenya. Ndipo baba akasema, na ilionekana alikuwa amelifikiria jambo hilo siku nyingi, akiwa amelala upande ule mwingine, "Basi yeye awe mikono. Wewe uwe macho. Yeye afumbe."

Nikachemsha maji. Nikaweka chumvi alivyoniambia. Mkaguzi akaegemea ukuta wa chumba, akanipa glavu kutoka mfuko wa lile koti, na baba akageukia dirishani. Nikafumba. Nikapiga magoti kando ya kitanda, na hiyo, kwa mtu kama mimi, ilikuwa safari.

"Mkono wa kushoto. Shuka kidogo," alisema. "Hapo ni mbavu. Osha. Ongeza sabuni. Usimpapase kama unatafuta swichi, osha."

Niliosha. Ngozi ya baba ilikuwa laini na iliteleza juu ya mifupa. Sikuwahi kuigusa tangu nilipokuwa mtoto wa kubebwa.  Nilisikia akipumua kwa pua, kama mtu anayesubiri sindano.

"Sasa nyonga. Polepole. Kulia zaidi. Si hapo. Zaidi."

Kitambaa kiligusa pembeni ya kidonda na baba akaruka kitandani. Nikaomba msamaha. Nikajaribu tena, nikamgusa palepale pabaya, na safari hii alitoa sauti ambayo sikujua anayo.

Fimbo ikanigonga begani. Mara moja, kisha mara ya pili. Nikageuza uso kwake, bado nimefumba, na ikanigonga mara ya tatu, chini ya jicho, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Nikafumbua. Mkaguzi alikuwa ameweka kidole mdomoni. Akaelekeza fimbo kwenye nyonga ya baba. Nikageuka nikaona: kidonda, na ukingo wake, na kilichokuwa ndani yake, na mwili wote wa mzee yule niliyemwekea maji kila siku. Nikaona mahali pa kushika na mahali pa kutogusa. Mkono wangu ukajua kazi yake. Nilisafisha kutoka katikati kwenda nje, na baba hakuruka tena.

"Amefumba?" baba akauliza, uso wake bado dirishani.

Mkaguzi aliniangalia machoni, macho yangu yakiwa wazi na yamejaa maji.

"Amefumba, mzee," akasema.